Paka Hazungushwi

"Daktari, nimzungushe mara ngapi?"

Nimelisikia swali hili mara nyingi mno kiangazi hiki, na sasa limenifika hapa. Hakuna anayeniuliza kama paka azungushwe. Hilo wameshaliamua wenyewe. Wanachotaka kwangu ni hesabu: mara tatu au saba, kwa kulia au kwa kushoto. Kijana mmoja alinipigia akiwa tayari juu ya pikapu, godoro na masufuria nyuma yake, paka analia guniani mapajani mwake. Nikamwambia, "Fungua hilo gunia." Akanijibu, "Lakini Daktari, njia panda bado hatujaifika."

Kwa asiyekulia na dawa hii, yenyewe ni hivi. Ukihama nyumba, paka anatiwa guniani asione njia. Kila njia panda gunia linazungushwa, ili paka apoteze mwelekeo. Mkifika, anapakwa samli nyayo zote nne. Akimaliza kujilamba, basi, amesahau alikotoka na nyumba mpya imekuwa yake. Nimeisikia kwa watu waliotoka Kampala, Kitale, Bunia na Morogoro nilikosomea udaktari wa mifugo, kila mmoja akiamini ni mila ya kwao peke yao.

Mimi ninaishi Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, na wengi wanaoniuliza ndiko wanakohamia. Gaba kwa Kiarabu cha Juba ni msitu. Watu wanaikimbia kodi ya dola ya katikati ya mji, wanakuja pembezoni kujenga kidogo kidogo, mabati kwanza, plasta baadaye. Wanahama kiangazi, kabla mvua hazijaifanya barabara kuwa tope. Kwa hiyo gunia la paka husafiri katika miezi ya joto kali kuliko yote ya mwaka. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikafunga tena baada ya wanafunzi kuzimia madarasani hapa Juba. Jua linalomwangusha mtoto aliyekaa darasani ndilo hilohilo linalompiga paka tunapompeleka sokoni, stendi na barabarani akiwa amefungwa ndani ya mfuko wa plastiki iliyofumwa.

Paka hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko nyayoni, pale pale mnapopaka samli. Akizidiwa na joto hujilamba manyoya ili mate yampoze, na mwisho kabisa huhema mdomo wazi kama mbwa. Guniani hawezi kujilamba vizuri, na hewa anayohema ni ile ile aliyoitoa. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka 41, figo, ini na ubongo huanza kuumia, na hapo ninachoweza kufanya ni kidogo.

Mama mmoja aliyerejea kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtu mzima wa kunizaa, alinijia saa nane mchana na gunia la makaa. "Daktari, mwanangu, sasa ametulia," aliniambia. Nikalifungua. Paka alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, ulimi umeiva rangi ya zambarau, mate mazito yamechanganyika na vumbi la makaa. Kucha mbili za mguu wa mbele zilikuwa zimeng'oka, zimenasa katika nyuzi za gunia. Kipimajoto kilisoma 41.6. Tulimlowesha maji ya mtungi, hasa tumboni na nyayoni, tukampepea kwa kipande cha boksi, mama akimshikilia kichwa na kumwita jina lake. Baada ya nusu saa ulimi ukaanza kurudi rangi. Akapona. Nilipouliza walimzungusha mara ngapi, mama aliniambia saba, na kila njia panda.

Siku ya tano paka yule akatoweka Lemon Gaba. Siku ya tisa jirani wa zamani akampigia mama simu: paka wako yuko hapa juu ya ukuta, amekonda, anadai chakula.

Mara saba, wasomaji wangu. Nusura afe, na njia akaijua.

Wala hakufanya muujiza. Mwaka 1922 Francis Herrick, mwanazoolojia wa Cleveland huko Marekani, alichapisha majaribio aliyofanya na paka jike mwenye watoto. Alimtenganisha na wanawe, akamwacha umbali wa maili kadhaa kutoka nyumbani, na paka akarudi kwa watoto wake tena na tena. Mwaka 1954 Wajerumani wawili, Precht na Lindenlaub, wakaenda mbali zaidi. Waliwasafirisha paka wakiwa wamefunikwa wasione njia, wakawaweka katikati ya banda la duara lenye milango 24 kuelekea kila upande. Wengi walitokea mlango ulioelekea kwao. Waliokomaa walifanya vizuri kuliko wadogo, na kadiri walivyoletwa kutoka mbali ndivyo uhodari ulivyopungua. Sasa pima umbali wenu. Mnahama ndani ya mji huu huu mmoja. Paka mkubwa mwenye afya ana siku nyingi na usiku mwingi wa kutembea, anafuata harufu, sauti na alama anazozijua, na hana haraka.

Mbwa naye msidhani ni mgeni wa elimu hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Jamhuri ya Cheki waliwavisha mbwa 27 wa kuwinda mikanda ya kunasa safari zao kwa setilaiti. Waliporudi kwa mabwana zao kwa njia mpya ambayo hawakuijia, wengi walianza kwa kukimbia mita kama 20 kuelekea kaskazini au kusini, kama mtu anayeiweka ramani yake sawa, kisha wakashika mwelekeo wa nyumbani.

Kuzungusha kunavuruga kitu kimoja tu, nacho ni majimaji yaliyo ndani ya sikio yanayosaidia mwili kushika mizani. Yakitikisika, mnyama hupata kizunguzungu, pengine akatapika. Yakitulia, kwisha. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulizunguka uwanjani na wenzako hadi mkaanguka chini mkicheka. Ulipoinuka, kuna aliyesahau kwao ni wapi?

Lakini imani hii ina kinga ya ajabu. Paka akibaki, watu husema gunia limefanya kazi. Akitoroka, utaambiwa hukumzungusha vya kutosha, au kuna njia panda uliiruka, au samli haikuwa ya ng'ombe. Gunia halipatikani na hatia hata siku moja. Na kuna jambo jingine linalowadanganya watu kwa urahisi zaidi. Paka aliyetoka guniani na hofu ya kufa hujificha nyuma ya magunia ya saruji siku mbili tatu, hali, hanywi, halii. Wenye nyumba wanafurahi: amesahau, ametulia. Hajasahau chochote. Ameganda kwa woga, na hofu ikipungua kitu cha kwanza atakachofanya ni kuondoka mahali alipoanza kupajua kwa mateso. Hapo ndipo subira yangu huniishia, kwa sababu gunia linazaa kile kile mlichokuwa mnakizuia.

Samli sitaipa nafasi kubwa. Paka akipakwa mafuta nyayoni, atatembea juu ya vumbi jekundu, majivu na mabaki ya saruji, kisha atayalamba yote. Faida yake inaishia hapo. Ninachokiogopa ni pale samli inapokosekana na mtu akachukua oili chafu ya gari, ile ile wanayowapaka mbwa wenye upele. Oili chafu ni sumu. Ikilambwa inaumiza tumbo na ini, na ikivutwa mapafuni wakati mnyama anatapika inaweza kumuua. Isiguse ngozi ya mnyama yeyote, awe anahama au hahami.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii imejaa watu wasiohitaji kufundishwa namna ya kuhamisha wanyama. Nenda kambi za ng'ombe za Wamundari upande wa Terekeka. Kambi inahama, lakini jioni kila ng'ombe anafungwa kwenye kigingi chake, moshi wa samadi unafuka kama jana, majivu yanapakwa mwilini kama jana, na sauti inayomwita ni ile aliyoizoea. Ardhi ni mpya na mengine yote ni ya zamani. Hakuna mfugaji wa Mundari atakayemfunika fahali wake macho na kumzungusha ili apende malisho mapya. Hata mama wa nyumbani akileta kuku wageni huwafungia bandani siku kadhaa kabla ya kuwaachia, nao jioni hurudi wenyewe. Maarifa haya tunayo. Tunapofika kwa paka tunayaacha mlangoni.

Paka huijua nyumba kwa pua. Mashavuni ana tezi zinazotoa harufu yake, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza au pembe ya mlango anaandika kwamba hapa ni pangu, hapa ni salama. Nyumba ya zamani imeandikwa pote, kwa miaka. Nyumba mpya haina hata herufi moja, na pengine ina maandishi ya paka mwingine. Kazi yako ni kuhakikisha anaikuta harufu yake imemtangulia.

Wiki moja kabla ya kuhama, tandika kitambaa anapolala na usikifue. Chukua kingine kikavu, msugue mashavuni taratibu, halafu kipitishe kwenye miimo ya milango ya nyumba mpya, kwenye kimo cha paka, si kimo chako. Siku ya safari tumia tenga la kuku au kikapu chenye mfuniko unaofungwa, ndani kitambaa chake, juu shuka jepesi. Ondokeni alfajiri. Asishibe. Asikae nyuma ya pikapu juani, wala asiachwe garini mnaposhusha mizigo.

Mkifika, chumba kimoja. Maji, chakula, karai lenye mchanga au majivu baridi, sanduku la kujificha. Hapa Lemon Gaba tazameni juu kabla ya kutazama mlango: nyumba nyingi hazina dari, na kati ya ukuta na mabati kuna pengo ambalo paka hupita bila hata kukunja mgongo. Ziba kwa waya au mbao. Wiki tatu ndani, na nikisema tatu sina maana ya siku nne na huruma. Wiki ya kwanza chumba hicho kimoja, kisha nyumba nzima. Siku ya kwanza ya kutoka awe na njaa, iwe jioni kabla ya chakula chake, umwite kwa sauti na sahani aliyoizoea. Mwombe jirani wa zamani asimlishe akirudi. Akimlisha mara mbili, nyumba ile imemchukua. Usiweke sumu ya panya nyumba mpya, kwa kuwa panya aliyekula sumu ndiye atakayekamatwa kwanza. Basi.

Mbwa ana shida nyingine, na hapa naomba mnisikilize hata ninyi msiofuga. Mbwa anamfuata mtu wake kuliko nyumba, kwa hiyo siku tatu za kwanza mlaze karibu na mlango wako, mtembeze kwa kamba kuzunguka uzio asubuhi na jioni, na usimfungulie kabla uzio haujakamilika. Msiomfunga mtapata lawama, kwani usiku mbwa wa mtaa hutembea makundi na mgeni lazima apigane. Katika kupigana ndimo kichaa cha mbwa kinamopita. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila visa 100 vya binadamu, hadi 99 vimetokana na mbwa. Dalili zikishaanza, hospitali hazina tiba. Chanjo ya mbwa huhitaji wiki tatu hadi nne mwili ujenge kinga, kwa hiyo sindano ya asubuhi ya safari imechelewa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 zilizopimwa kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili wala unga wa betri.

Na kabla mbwa hajaingia nyumba mpya, waulizeni waliotoka kama walifuga. Yuko kupe wa kahawia ambaye watu humtafuta kwenye nyasi wakati yeye anaishi ndani. Jike lililoshiba damu hushuka kwa mbwa, likapanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za plasta, nyuma ya fremu ya mlango, chini ya mkeka. Kupe wazima huweza kukaa miezi mingi bila kula, wakimngoja mnyama afuataye. Mwaka juzi niliingia chumba cha kupanga kilichokaa kitupu tangu masika, mbwa mpya amelala humo wiki mbili tu. Nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye ufa mmoja kando ya mlango, wakatoka kupe wadogo kama mbegu za ufuta, hai, wakitembea juu ya kidole changu. Ufizi wa mbwa ulikuwa mweupe kama karatasi. Hiyo ni homa ya kupe. Hutibika ikiwahiwa, lakini nyumba isipotibiwa mtarudi kwangu mwezi ujao. Pigeni dawa nyufa zote nyumba ikiwa tupu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mziache zikauke, mrudie baada ya wiki mbili au tatu kwa sababu mayai hayafi yote mara ya kwanza. Kisha zibeni nyufa.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimpake paka. Amitrazi, dawa ya kupe, haimfai. Permethrini, hata ile iliyoandikwa ni salama kwa mbwa, humuua paka kwa mitetemeko na degedege. Mbwa aliyepakwa alale mbali na paka hadi akauke. Hili nalirudia kila wiki kwa watu wenye huruma kubwa na chupa isiyofaa mkononi.

Wanaovuka mipaka wasikilize haraka. Mkipitia Elegu na Nimule au Nadapal, mtaulizwa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali ya mnakotoka, na kibali cha kumwingiza mnyama. Vitafuteni kabla ya kupakia, na nakala ziwe mkononi, zisiwe chini ya kabati kwenye lori. Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Simameni kivulini kila baada ya saa mbili, mpeni mnyama maji kidogo kidogo, na mbwa asifunguliwe mlango wa gari kabla kamba haijashikwa. Dawa za usingizi msimpe kwa kukisia, hasa zile za binadamu. Na mnyama akionekana mgonjwa siku ya safari, ahirisheni safari.

Yule mama wa Kakuma alimfuata paka wake kwa boda, safari hii na tenga la kuku alilofunika kanga yake kuukuu. Akaziba pengo la mabati kwa waya wa mbu, akamfungia wiki tatu kamili, nami nikapita mara mbili kuwajulia hali. Kiangazi hiki nilimkuta paka huyo amelala kizingitini mwao, kucha zimeota, mbwa wa jirani akimpigia kelele na yeye hata sikio halitikisi.

Kama mnahama, nileteeni mnyama wiki nne kabla. Nitampima, nitamchanja, nitawaonyesha wapi pa kuziba. Gunia liacheni nyumbani.